Barua kwa mwanangu: Fizikia na Kemia daftari moja

Mwanangu,

Huku Ujiji hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini mjukuu wangu, aliyeingia darasa la tisa huko Marekani, amepangiwa somo moja lenye Fizikia na Kemia ndani yake, ilhali wewe ulianza kuyasoma mbalimbali tangu kidato cha kwanza. Unahofu wamemwona mzito.

Tuliza moyo. Huko somo hilo kwa kawaida husomwa darasa la nane au la tisa, mtoto ana miaka 13 hadi 15. Kisha huja Baiolojia, halafu Kemia peke yake. Fizikia mara nyingi huachwa mpaka darasa la 11 au la 12, kwani inadai hesabu. Si sheria ya nchi nzima, kila jimbo lina utaratibu wake. Afrika Kusini nao huyachanganya kwa wanafunzi wakubwa, darasa la 10 hadi la 12, na mtihani wa mwisho una karatasi mbili: moja ya Fizikia, moja ya Kemia. Wanaotaka uhandisi hupitia hapohapo.

Nami niliyefundisha Kemia mpaka nikastaafu, mchanganyiko huo sina ugomvi nao. Wanafunzi niliowapeleka Uvinza waliona maji ya chumvi yakichemka, mvuke ukapaa, chembe nyeupe zikaanza kuganda pembeni mwa chombo. Joto kupita kwenye chuma ni Fizikia, sodiamu na klorini kushikana ni Kemia. Hakuna aliyeniuliza mpaka uko wapi.

Ila usibweteke. Zipo shule zinazowapeleka wenye hesabu nzuri moja kwa moja kwenye Baiolojia darasa la tisa, na waliobaki ndio wanaoanzia kwenye somo hili. Nenda shuleni umuulize mwalimu: mwaka huu anasoma Aljebra? Kemia ataifikia darasa la ngapi? Akichelewa Aljebra, Fizikia inaweza kumpita kabisa, na hilo ndilo la kukunyima usingizi. Uliza pia kama somo lina maabara, maana vyuo vikuu vingi vya huko hutaka sayansi yenye maabara.

Jumamosi mpe simu aongee nami. Nataka anieleze mwenyewe wamefika wapi kwenye jedwali la elementi.

Baba yako