Geuza chupa, soma nyuma

Swali lenu la wiki hii, "Unapochagua losheni ya mwili unaangalia nini?", limenigusa, kwa sababu kwa miaka mingi mimi niliangalia harufu tu. Nafungua kifuniko, nanusa, nikipendezwa nanunua. Asubuhi miundi inang'aa, saa sita mchana imeshapauka. Ukipitisha ukucha unabaki mstari mweupe. Nikawa naongeza losheni, nabadilisha losheni, nailaumu ngozi yangu.

Kumbe sikujua kazi ya losheni. Ngozi hukauka kwa kuwa maji yake yanapotea hewani. Tabaka la juu lina mafuta ya asili yanayoyazuia, lakini maji ya moto na sabuni kali huyaondoa. Losheni yenyewe kwa sehemu kubwa ni maji, nayo hukauka upesi. Vinavyobaki kufanya kazi ni viungo vinavyovuta maji, kama gliserini na urea, pamoja na vile vinavyoyafunika yasitoke, kama siagi ya shea na mafuta ya mgando.

Basi siku hizi nageuza chupa. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Nikikuta gliserini inafuata karibu na maji, naendelea kusoma. Nikikuta mafuta ya parachichi yaliyochorwa kwa ukubwa pale mbele yametajwa mwishoni kabisa, baada ya manukato, najua yamo kidogo mno.

Halafu kuna wakati wa kupaka, na hapa ndipo nilipoona mabadiliko makubwa kuliko yote. Zamani nilikuwa najikausha hadi ngozi inakaza, navaa, ndipo nakumbuka losheni. Sasa naoga kwa maji ya uvuguvugu, najifuta kwa kugusagusa na taulo, na ndani ya dakika 3 hivi, ngozi ikiwa bado na unyevu, najipaka. Hata mafuta ya mgando, ambayo hayana tone la maji, yapakwe hivyo hivyo, maana hayaleti maji, yanayafungia yaliyopo. Visigino navipaka usiku, navaa soksi, nalala.

Kuhusu harufu niliyoipenda sana: manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi kutokana na vipodozi. Mwenye ngozi inayowasha haraka atafute iliyoandikwa kuwa haina manukato. Ile inayosema tu kwamba haina harufu huenda imetiwa manukato ya kuficha harufu nyingine. Losheni mpya naijaribu kwanza sehemu moja ndogo upande wa ndani wa mkono, mara 2 kwa siku kwa wiki nzima. Ikiwasha au ikitoa vipele, naiacha.

Jambo la mwisho linaniuma. Msinunue krimu inayoahidi kukung'arisha rangi kwa siku chache, hasa isiyoorodhesha viungo. Baadhi zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, zinazoifanya ngozi iwe nyembamba na kuchanika michirizi, na nyingine zina zebaki, inayopenya ngozini na kudhuru figo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unahusu zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukomesha vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Hata hivyo bado vinauzwa. Ukiona maelezo yanakuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa pete au cheni ya fedha au dhahabu, irudishe ilikotoka, maana hiyo ni dalili ya zebaki. Na haiishii kwa aliyejipaka. Inabaki kwenye taulo na foronya, mvuke wake unavutwa na walio ndani ya nyumba, na mtoto anayelazwa kifuani anaipata naye.