Moshi wa bluu na gia kuchelewa, usilipe kwanza

Ndugu yangu, umesema gari ni otomatiki, limetembea kilomita 140,000, asubuhi linatoa moshi wa bluu na ukiweka D linakaa sekunde mbili ndo linashtuka na kuondoka, afu muuzaji anakwambia ni plagi tu. Hapana, sio plagi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya silinda, ukitoka pale unapowasha tu kisha ukakata mara nyingi ni sili za valvu (mipira inayozuia oili isiingie kwenye silinda) zimechoka, hiyo unaweza kuishi nayo huku unaongeza oili, ila ukiendelea kutoka kila ukikanyaga mafuta basi ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeisha na hapo injini itafunguliwa.

Kinachonitisha zaidi ni giaboksi, maana huko ndiko kuchelewa kwa D kunakotoka. Kama ina dipstiki (kijiti cha kupimia oili) chomoa uangalie, oili ya gia ikiwa kahawia iliyokolea na inanuka kuungua jua klachi za ndani zinaliwa, na kubadilisha oili peke yake hakutazirudisha.

Rudi asubuhi injini ikiwa baridi, na mwambie muuzaji kabisa asiiwashe kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta ute kama maziwa shuku maji ya rejeta yanaingia, huenda ni gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na sehemu ya juu) imeharibika. Uliza pia mkanda wa taimingi (unaofanya valvu zifuate mwendo wa pistoni) ulibadilishwa lini, kama inatumia mkanda, maana injini nyingi ukikatika pistoni zinagonga valvu. Na nenda na fundi wako mwenyewe, tafadhali, sio wa kwake.