Jibu: Ovataimu ya zamani itanizuia kufuta madeni?

Ndugu, umeuliza kama ovataimu uliyopiga mwanzoni mwa mwaka hapo Texas itakuzuia kufuta madeni kwa Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika ya Marekani (ile inayofuta madeni bila mpango wa kuyalipa), ilhali sasa saa zako zimepunguzwa. Inategemea unafungua kesi mwezi gani.

Mahakama haianzi na mshahara wa leo. Huchukuliwa mapato kabla ya makato ya miezi 6 kamili iliyotangulia mwezi wa kufungua, wastani wake mara 12, kisha hulinganishwa na kipato cha kati cha jimbo (nusu ya kaya hupata zaidi yake, nusu chini yake) kwa kaya yenye ukubwa kama yenu. Ukifungua Agosti, ni Februari hadi Julai. Ukingoja Oktoba, Februari na Machi zinadondoka. Si ujanja, ndivyo sheria ya kufilisika ya 2005 ilivyoandikwa.

Ukizidi kiwango hujakataliwa bado. Unatoa gharama zinazokubalika, yakiwemo marejesho ya gari, ndipo kinatazamwa kilichobaki. Kikiwa kingi, utaelekea Sura ya 13, kulipa kwa mpango wa miaka 5. Na kama unamtunza mzazi mzee asiyejiweza, tunza risiti za pesa unazotuma. Gharama hiyo ina nafasi yake, wengi wetu huisahau. Mwoneshe wakili.