Baridi yabisi na mimba: "Mama mkwe anasema niache dawa zote"

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Nina miaka 31, naishi Umoja hapa Nairobi, na nina baridi yabisi ya viungo tangu 2019. Nilikuwa natumia methotreksati, daktari akaniachisha miezi minne kabla sijashika mimba. Sasa nina wiki 14 na ninameza haidroksiklorokwini na prednisoloni ya miligramu 5. Vidole vimetulia, ila kifundo cha mkono wa kulia kinavimba. Asubuhi kinakaza hadi saa nne, na kusonga ugali au kukamua nguo kunanishinda. Jirani mwenye kemisti amenipa diklofenaki. Mama mkwe naye anasema mjamzito hamezi madawa, niache zote hadi nijifungue. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada, hongera kwa mimba, na hongera pia kwa kuachana na methotreksati mapema. Dawa hiyo inaweza kutoa mimba au kumlemaza mtoto tumboni, ndiyo maana tunataka mama awe ameiacha mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kushika mimba. Hapo huna cha kuhofia.

Mama mkwe anakutakia mema, na kuhusu diklofenaki nitamuunga mkono. Lakini zile mbili ulizoandikiwa usiziache. Baridi yabisi ikiachwa iwake, madhara hayaishii kwenye viungo: mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake au akiwa na uzito mdogo. Haidroksiklorokwini inakubalika katika mimba na wakati wa kunyonyesha. Prednisoloni nayo huvunjwa kwa sehemu kubwa na kondo la nyuma kabla ya kumfikia mtoto, na kiasi unachomeza ni kidogo. Kuikatiza ghafla ndiko kwenye hatari, kwa sababu mwili uliozoea kuipata kwa kidonge hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, nawe unaweza kuishiwa nguvu, kutapika na presha kushuka. Kama mama mkwe ana shaka, mwombe akusindikize kliniki siku moja amsikie daktari mwenyewe. Nimeona hilo likimaliza ubishi mwingi nyumbani.

Prednisoloni hupandisha sukari na presha, kwa hivyo vyote viwili vipimwe kila unapohudhuria kliniki. Jina la dawa na kiasi chake viandikwe kwa herufi kubwa kwenye kitabu chako cha Mama na Mtoto. Muuguzi atakayekupokea ukiwa na uchungu usiku hatakuwa na nafasi ya kukuhoji, na huenda ukahitaji kuongezewa dawa hiyo wakati wa kujifungua. Ikiwa shingo yako huuma au hukaza, iandikwe pia. Baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kulegeza mifupa ya juu ya shingo, na daktari wa usingizi anapaswa kujua hilo kabla ya upasuaji wowote.

Sasa diklofenaki. Kuanzia wiki ya 20, dawa za jamii yake, ikiwemo ibuprofeni, zinaweza kudhoofisha figo za mtoto, na maji ya uzazi yakapungua. Mimba ikizidi kukua, zinaweza pia kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao hufaa ubaki wazi hadi azaliwe. Wewe uko wiki ya 14, na daktari angeweza kukuandikia kwa siku chache tu. Mimi nisingeianza. Ukiichanganya na prednisoloni unajiweka karibu na vidonda vya tumbo, na ukishaizoea utafika wiki ya 20 ungali unaimeza. Mrudishie jirani, mshukuru. Na tafadhali usikubali ile sindano ya maumivu inayochomwa dukani bila jina. Mara nyingi huwa ni diklofenaki, wakati mwingine imeongezwa deksamethasoni, na hiyo, tofauti na prednisoloni, hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Lakini kama kliniki imekupa aspirini ya kiasi kidogo ya kuzuia presha ya mimba, hiyo endelea nayo.

Kwa maumivu tumia parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24, na kwa siku chache tu. Itapunguza uchungu, ila haitashusha uvimbe.

Kifundo chenyewe nataka kiangaliwe na daktari wa viungo kabla ya mwezi kwisha. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kliniki ya magonjwa haya, ukiwa na barua ya rufaa. Kiungo kimoja kilichobaki kikivimba kinaweza kuchomwa sindano ya steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni) ndani yake, hata katika mimba. Au unaweza kuongezewa salfasalazini, dawa nyingine ya baridi yabisi, ambayo inakubalika mradi umeze asidi ya foliki miligramu 5 kila siku. Kile kidonge cha damu cha kliniki kina mikrogramu 400 tu, hakitatosha. Kiungo kikiwa chekundu, cha moto, na una homa, usingoje kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, huenda ni usaha. Na kama usiku ni ganzi tu kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata, huenda ni neva iliyobanwa kwa sababu ya maji ya mimba. Kifaa cha kunyoosha kifundo ukilala husaidia hapo.

Mtaalamu wa tiba kwa kazi atakupimia kifaa hicho. Kabla ya hapo, asubuhi tumbukiza mkono kwenye beseni la maji vuguvugu kwa dakika kumi, ukifungua na kufunga ngumi. Mpini wa mwiko uzungushie kitambaa unenepe, na mtu mwingine akushikie sufuria. Nguo zianike bila kukamua, maji yachuruzike yenyewe. Mgao wa maji ukifika, mitungi ya kupanda nayo ngazi si yako. Mwambie mumeo hiyo sasa ni sehemu ya matibabu.

Ukitumwa maabara, ujue kipimo cha damu cha ESR, kinachoonyesha uvimbe mwilini, hupanda kwa sababu ya mimba yenyewe, kwa hivyo kikiwa juu usiogope. CRP, kipimo kingine cha uvimbe, husaidia zaidi.

Lililobaki hukuuliza, nami naliona kubwa kuliko yote. Karibu wanawake 6 kati ya 10 hupata nafuu wakiwa na mimba, kwa kuwa kinga ya mwili hujituliza ili isimkatae mtoto. Akishazaliwa, nafuu hiyo huondoka, na karibu nusu ya akina mama ugonjwa huwarudia, mara nyingi katika miezi mitatu ya kwanza. Ndipo unahitaji mikono ya kumbeba mtoto, kumwogesha na kufunga vishikizo usiku. Kwa hivyo omba sasa miadi ya daktari wa viungo ya wiki ya nne hadi ya sita baada ya kujifungua, usisubiri uvimbe uanze. Panga pia nani atakaa nawe, na kama ni mama mkwe, kazi ya maji na kufua iwe yake tangu siku ya kwanza. Kunyonyesha kunawezekana ukiwa kwenye dawa zako zote mbili, na ibuprofeni nayo huruhusiwa tena wakati huo. Methotreksati hairuhusiwi mtoto akiwa ananyonya. Kama zile za zamani bado ziko kabatini, zipeleke kemisti au hospitalini ziharibiwe wiki hii. Maumivu yakikuzidia saa nane za usiku mtoto akilia, zisiwe karibu.