Maswali na Majibu: Chembe Zenye Uhai Kwenye Skrini

Maswali ya leo yote yanahusu chembe, yaani zile nukta ndogo tunazozirusha kwa maelfu katika Processing, p5.js na zana nyingine za kuchora kwa msimbo ili tupate moto, moshi, theluji au vumbi. Naanza na swali lililonigusa zaidi.

Nimetengeneza moto wa chembe 800. Zinapanda vizuri, lakini zinafanana na mchanga uliopakwa rangi ya chungwa. Niongeze idadi?

Hapana, idadi iache kwanza. Chembe zako zinasafiri tu, haziishi. Mwaka 1983 William Reeves aliandika makala iliyoifanya mbinu hii ijulikane, baada ya kuitumia kuchora moto unaosambaa sayari nzima katika filamu ya Star Trek II ya 1982. Tangu hapo kiini chake ni kilekile: kila chembe huzaliwa, hubadilika, kisha hufa.

Kwa hiyo kila chembe ibebe namba mbili: umri wake, na muda itakaoishi. Kwa moto wako jaribu kati ya sekunde 0.6 na 1.4, kila moja kwa bahati yake, maana zikifa zote kwa pamoja jicho linagundua mara moja. Gawa umri kwa muda wa kuishi upate namba inayotoka 0 hadi 1, kisha kila kitu kiifuate namba hiyo. Rangi ianze njano inayokaribia nyeupe, ikifika 0.3 iwe chungwa, ikifika 0.7 iwe nyekundu iliyokolea. Ukubwa ushuke kutoka pikseli 14 hadi 2. Mwangaza usiufifishe kwa mwendo mmoja: chukua 1, toa namba yako, jibu ulizidishe kwa lenyewe. Chembe itapoteza nguvu haraka mwanzoni, kisha itazimika taratibu.

Washa pia `blendMode(ADD)`, ili chembe zinapopandana mwanga wao ujumlishwe na kiini cha moto kiwe cheupe chenyewe. Hili linataka mandhari ya giza. Juu ya mandhari nyeupe hutaona kitu, kwa kuwa nyeupe haina pa kuongezeka. Na moshi uuchore kando kwa hali ya kawaida, kwa sababu ADD haiwezi kutia giza.

Halafu fanya jaribio ninalolifanya kila mara: zuia chembe zote ibaki moja, punguza mwendo mara 10, uitazame kuanzia kuzaliwa hadi kufa. Kama hiyo moja haipendezi, wenzake 799 hawataiokoa.

Nina chembe 200 zenye kasi tofauti, lakini naona moja tu, tena inaruka ovyo.

Zote 200 zinatumia vekta moja (jozi ya namba x na y) ya mahali. Ukiandika `this.mahali = chanzo`, hujanakili kitu; umeelekeza tu kwenye vekta ileile. Kila fremu (picha moja ya uhuishaji) vekta hiyo inasukumwa mara 200, kila chembe ikiivutia upande wake. Andika `this.mahali = chanzo.copy()` na zitatawanyika papo hapo. Kosa hili liliwahi kunila usiku mzima, ndiyo maana nalijua kwa sura.

Nikifuta chembe zilizokufa kwenye orodha, zilizobaki zinapepesa.

Unafuta huku unapita orodha kuanzia mwanzo. Ukitoa ya 7, ya 8 inasogea kushika nafasi ya 7, lupu (msimbo unaojirudia) inaendelea na ya 8 mpya, na moja imerukwa bila kuchorwa. Pita orodha kutoka mwisho kuja mwanzo.

Ninaunganisha kwa mistari chembe zilizo karibu. Zikifika 5,000 kila kitu kinakwama.

Hesabu yake ndiyo hii: chembe 5,000 zikilinganishwa kila moja na nyingine, ni jozi 12,497,500 kwa kila fremu, na ukitaka fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 tu za kumaliza kazi yote. Hakuna ujanja mdogo wa kuliokoa hilo.

Gawa skrini kwa vyumba vya mraba vyenye upana sawa na umbali wako wa kuunganisha. Tuseme umbali ni pikseli 40 na skrini ni 1,280 kwa 720: unapata vyumba 576, kila kimoja kikiwa na chembe zipatazo 9. Kila chembe sasa inaulizia chumba chake na vinane vinavyokizunguka, yaani wenzake wasiofika 80 badala ya 4,999. Vyumba vijaze upya kila fremu. Gharama yake ni ndogo mno. Na usitafute kipeuo cha pili ili kupata umbali: linganisha umbali uliozidishwa kwa wenyewe na 1,600.

Nafuta skrini kwa `background(0, 10)` ili chembe ziache michirizi. Mbona inabaki mikwaruzo ya kijivu isiyoisha?

Ni suala la namba nzima. Kila fremu unaondoa 10/255 ya mwangaza uliobaki. Mwangaza ukishuka hadi 12, kinachopaswa kutoka ni 0.47, na kompyuta ikikadiria inapata sifuri. Pikseli inagandia hapo milele. Ukiongeza 10 iwe 30, mabaki yanafifia zaidi, lakini michirizi inakuwa mifupi. Mimi napendelea kusafisha skrini kabisa na kuipa kila chembe kumbukumbu ya mahali 15 ilipopita mwisho, nikipachora kwa mwangaza unaopungua. Ni kazi zaidi, ila weusi unabaki mweusi.

Kwenye skrini ya 144 Hz (fremu 144 kwa sekunde) chembe zinakimbia na kusimama mapema. Kwa nini?

Msimbo wako unahesabu fremu badala ya muda. Kuzidisha kasi kwa 0.98 kila fremu huacha karibu asilimia 30 baada ya sekunde moja yenye fremu 60, lakini asilimia 5 tu zikiwa 144. Zidisha mwendo kwa sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia, na badala ya 0.98 tumia `pow(0.98, sekunde * 60)`.

Theluji yangu inatetemeka badala ya kupeperuka.

Kwa sababu `random()` haikumbuki ilichosema fremu iliyopita. Upepo unakumbuka. Tumia `noise()`, kazi ya Ken Perlin, ambayo huwapa majirani namba zinazokaribiana. Iite kwa x na y vilivyozidishwa kwa 0.005, pamoja na muda, kisha ugeuze jibu kuwa pembe ya upepo mahali hapo. Kuna mtego mmoja: majibu ya `noise()` hujazana karibu na 0.5, hivyo ukiyazidisha kwa `TWO_PI` (mzunguko mmoja kamili) theluji nyingi itaelekea kushoto. Zidisha kwa `TWO_PI * 2`, na nguvu ya upepo iwe ndogo kuliko mvuto wa chini, ili kila chembe iyumbe huku ikiendelea kushuka.