Krosandra katika Upepo wa Dodoma

Barua nilizopokea mwezi huu karibu zote zinauliza juu ya krosandra, ua la rangi ya chungwa ambalo limeanza kuonekana kwenye vitalu vingi vya maua. Asili yake ni kusini mwa India na Sri Lanka, na ni mmea wa familia ya akantasea, wenye majani ya kijani yanayong'aa na urefu usiozidi mita moja kwa kawaida.

Shikamoo Bibi Shamba. Nilinunua miche sita Morogoro nikaipanda mbele ya nyumba yangu Ipagala, hapa Dodoma. Baada ya wiki mbili kingo za majani zimekauka, ingawa naimwagilia kila jioni. Je, jua ni kali mno?

Marahaba, mwanangu. Jua linachangia, lakini mimi ningeanza na upepo. Krosandra hupenda joto, kivuli chepesi na hewa yenye unyevu, ilhali sisi tunapata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, takriban zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki hewa ni kavu na upepo wa mashariki na kusini mashariki hautulii. Jani hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hata udongo ukiwa umelowa, na panapoanza kukauka ni pale maji yanapofika mwisho, yaani kwenye kingo. Ukizidisha maji ya jioni utaozesha mizizi bila kuliponya jani.

Tatizo ni kwamba jua la asubuhi, ambalo mmea huu unalipenda, linatoka upande uleule unaotoka upepo. Kwa hiyo ama uipande mashariki mwa nyumba na kuikinga kwa uzio wa mabua ya mtama, ama uiweke magharibi, chini ya mwarobaini, lakini ndani ya vyungu, kwa sababu mizizi ya mwarobaini haimwachii jirani maji. Mwagilia asubuhi, baada ya kuchomeka kidole kwenye udongo na kukuta pakavu hadi kwenye kiungo cha kwanza. Matandazo ya nyasi kavu yanasaidia sana, ila yasiguse shina, maana mchwa wa kwetu hawahitaji kualikwa mara mbili.

Nimepanda mbegu mwezi Julai hapa Kondoa, na hadi leo hakuna iliyoota. Je, nimeuziwa mbegu mbovu?

Huenda muuzaji hana kosa. Mbegu hizi zinahitaji udongo wenye joto la nyuzi 21 au zaidi, na usiku wa Julai kwetu ni baridi. Subiri Oktoba, kisha uvumilie, kwani hata katika joto zuri huota kwa kupishana, nyingine wiki ya pili, nyingine baada ya mwezi.

Ukitaka mbegu za kwako, chuma vitumba vya mbegu vilivyogeuka kahawia kabla havijapata maji. Weka kimoja kikavu kwenye kisahani, kidondoshee maji na ukifunike kwa bakuli. Baada ya muda utasikia kikipasuka, na mbegu zitagonga bakuli. Ndivyo mmea unavyojitawanya mvua inapoanza. Hata hivyo, iko aina iitwayo Delhi ambayo haizai mbegu kabisa, nayo huzalishwa kwa vipandikizi tu: kata ncha changa ya sentimita 8 hadi 10, ichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, na uifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako.

Majani machanga yamekuwa ya njano lakini mishipa imebaki ya kijani. Natumia maji ya kisima.

Chungulia ndani ya birika lako la chai. Ukikuta ganda jeupe, maji yako ni magumu, na maji ya namna hiyo hufanya madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo yasichukuliwe na mizizi. Nyunyizia mbolea ya majani yenye chuma, changanya samadi iliyooza vizuri kwenye udongo, na mvua zikija kinga maji ya bati kwa ajili ya vyungu.

Je, krosandra inanukia kama yasmini?

Hapana. Wanawake wa India Kusini huivaa kwenye nywele kwa ajili ya rangi yake, na mara nyingi huisuka pamoja na yasmini ili harufu itoke huko.

Mche wangu umedumaa. Nilipoung'oa nikakuta mizizi ina vinundu. Mahali hapo palikuwa na nyanya.

Hao ni minyoo fundo, yaani minyoo midogo mno ya udongoni inayoingia mizizini, na nyanya ndizo zilizowalea. Krosandra haiwawezi hata kidogo. Usipande tena hapo kwa sasa. Tumia chungu chenye udongo uliotolewa mahali pengine, na mche ulioung'oa uuchome moto pamoja na mizizi yake, usiutupe kwenye shimo la mboji.