Kitabu cha Elfu Tatu Kisicho na Mwisho

Nilikinunua kwenye turubai la machinga hapa mjini Mwanza, elfu tatu, bila hata kukifungua: *Fahrenheit 451* cha Ray Bradbury, kilichotoka mwaka 1953. Wiki kadhaa baadaye nikiwa kwenye feri ya Kamanga, nimefika pale Montag, mhusika mkuu, anapokimbilia mtoni, nikafunua ukurasa unaofuata nikakuta jalada. Kurasa za mwisho zimenyofoka zote. Nikamrudia muuzaji.

"Kaka, mbona hiki hakina mwisho?"

"Kwa elfu tatu, mjomba, ulitaka na mwisho?"

Tangu hapo nimekisoma kizima mara mbili, kwa nakala nyingine. Ukitaka kukijaribu, sikia kwanza nilikokosea.

Nilianza na kamusi pembeni. Kiingereza changu ni cha sekondari ya kata, na Bradbury anaandika kama mshairi, anarundika mifano juu ya mifano. Ukurasa mmoja ulinila saa nzima, nikakitupa kando kabla ya ukurasa wa ishirini. Niliporudi niliamua kukisoma kama ninavyosikiliza Kisukuma nikiwa ukweni: nusu unaikamata, nusu nyingine unaisoma kwenye nyuso za watu. Kurasa kumi za mwanzo zisome kwa sauti. Maneno usiyoyajua yaache yapite, yatarudi mbele na utayatambua.

Kisa chenyewe ni cha mji ambao zimamoto, Montag akiwa mmoja wao, kazi yao ni kuchoma nyumba zenye vitabu. Kiingereza kinamwita mtu huyo "mtu wa moto", kwa hiyo anaweza kuuzima au kuuwasha. Kiswahili kimeshamfunga: *zima* moto. Mimi nilicheka kila neno hilo lilipotokea, nadhani kuliko alivyokusudia mwandishi. Hiyo 451 ni joto ambalo Bradbury anasema karatasi hushika moto, kama nyuzi 233 kwa vipimo vyetu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Niliingia na kalamu mkononi, napiga mstari kila nilipoona wakubwa wanamwonea mtu. Nilitaka silaha ya kwenda nayo kijiweni. Basi nikafika pale Kapteni Beatty, mkuu wa zimamoto hao, anapomtembelea Montag aliyejilaza kitandani kwa kisingizio cha ugonjwa, akawasha kiko chake, akaanza kueleza. Anasema amri haikuanzia juu. Watu wenyewe walichoka. Vitabu vikafupishwa, ufupisho nao ukafupishwa, kila kundi lililokereka likafutiwa kilicholikera, hadi wenye moto walipokuja walikuta kazi imeshafanyika. Hotuba hiyo isome mara mbili, lakini kumbuka anayeongea ni adui, tena adui aliyesoma sana. Si kila anachosema ni cha kumeza.

Hapo nilitoa simu kutazama saa, nikaona muhtasari wa kitabu hichohicho niliouhifadhi jana yake ili nisihangaike kukimaliza. Niliufuta kimyakimya, kana kwamba kuna mtu ananiangalia.

Na yule Mildred, mkewe Montag, analala na vijiredio vimechomekwa masikioni. Mwaka 1953 huo! Nikainua macho: benchi la mbele yangu watu sita, wanne wana hedifoni. Zangu zilikuwa zinaning'inia shingoni.

Ukinunua mtumba, angalia na mwaka wa kuchapwa, si kurasa peke yake. Mwaka 1967 wachapishaji wake walitoa toleo la wanafunzi lililopunguzwa makali, vifungu vipatavyo 75 vimeguswa, na hawakumwambia mwandishi. Kitabu cha kupinga ukataji wa maneno kikakatwa maneno! Bradbury alikuja kujua mwishoni mwa miaka ya 1970, akadai maneno yake yarudishwe, yakarudishwa.

Ukikimaliza, mtafute Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980 baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano muswada unangoja, na hakuna aliyewasha kiberiti.

Sasa ule mwisho wangu uliopotea. Kama hutaki kuambiwa, ishia hapa. Nilisimuliwa na rafiki yangu anayefundisha Ukerewe, tunakula sato, mikono ina mafuta. Alinieleza jinsi Montag anavyowakuta wazee porini kando ya reli, kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani, na jinsi anavyomkuta tena Clarisse, yule binti wa jirani aliyemfungua macho. Nilifurahi sana kwa ajili ya Clarisse.

Nilipopata nakala kamili nikafika mwisho, Clarisse hayupo. Nikampigia simu.

"Mwalimu, Clarisse umemtoa wapi?"

Kumbe alikuwa ameangalia filamu ya kitabu hicho, ile ya mwongozaji Truffaut ya mwaka 1966, na humo yupo kweli. Hakuona haya hata kidogo. Alisema mwisho wake ndio mzuri, na kwamba Bradbury mwenyewe alipokigeuza kitabu kuwa tamthilia alimrudisha yule binti. Hilo nimelihakiki, ni kweli. Nikamwazima nakala yangu kamili ajionee alivyoandika mara ya kwanza. Ni miezi saba sasa, na kila nikiuliza anasema bado anakisoma.